Mwenye Joho Hapigi Hodi

Zefania aliporudi Unyambwa kutoka vita vya Burma, watu walichinja kuku, wakala, wakamtazama usoni, kisha wote kwa pamoja wakakumbuka kwamba wana kazi nyumbani. Moto ulikuwa umemla shavu la kushoto mpaka sikioni, na jicho la upande huo halikufumba vizuri hata akilala. Hawakumfukuza. Tuwatendee haki watu wa Unyambwa, si watu wa kufukuza mtu. Walimwachia nafasi tu. Akikaa kwenye gogo, gogo lilibaki lake peke yake. Baadaye akaanza kujifunga kitambaa cha kaki upande ule, akidhani anawarahisishia, kumbe aliwapa jambo jipya la kunong'ona. Miaka ile habari za mbojo zilikuwa bado mbichi, wale watu waliosemekana kuvaa ngozi ya simba na kutumwa na mabwana zao kuua. Habari ya mtu anayeficha uso haikuhitaji kutiwa chumvi.

Alijijengea nyumba ya tembe pembeni, karibu na mawe makubwa, akaishi humo. Alikuwa mpweke, na hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Kuna siku alimaliza kutwa nzima na neno pekee lililomtoka mdomoni likawa la kumfukuza mbuzi wa jirani.

Mwenzake alikuwa kitabu. Kilikuwa kitabu cha picha za rangi, alichopewa hospitalini kule Seloni na kijana mmoja wa Kimarekani aliyepita vitandani akigawa sigara. Jalada la nyuma halikuwepo, na kurasa za mwisho zilikuwa zimekwenda nalo. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, na Zefania alisoma Kiswahili cha misheni tu, tena kwa kufuata na kidole. Lakini muda alikuwa nao. Mwanzoni alidhani yale mawingu meupe yanayotoka vinywani mwa watu ni mvuke wa baridi ya Ulaya, kama ng'ombe wanavyofuka asubuhi za Juni. Siku zilivyokwenda akatambua kwamba ni maneno. Wingu lenye mkia ulioelekea mdomoni lilikuwa la kusema. Lile lisilo na mkia, lenye vishanga vinavyopanda kutoka kichwani, lilikuwa la moyoni. Watu wote kitabuni walikuwa na mikia. Yule mkuu wao, mtu mrefu mwenye joho jeusi aliyejifunika nusu ya uso, alikuwa na vishanga ukurasa hadi ukurasa.

Zefania alimwita Mwenye Joho, na hakumdhania kuwa malaika. Aliwavunja mifupa wanyang'anyi, sawa, lakini kuna mmoja alimshika mkono ukingoni mwa paa, yule mtu akamlilia, na katika picha inayofuata mkono ulikuwa wazi. Polisi walimwinda kama mwizi. Hata aliowaokoa walimkimbia. Picha ya ule mkono ilimsumbua sana Zefania, maana hakuweza kuamua kama uliachia au uliteleza. Leo alimchukia mtu yule, kesho akamhurumia, ndiyo maana hakumchoka.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mjane. Mwenye Joho anaingia kwake kwa kupitia dirishani, anaacha mfuko wa chakula mezani, anatoka. Asubuhi mjane anaukuta, anaukumbatia, na uso unamng'aa. Mwenye Joho yuko mbali juu ya paa, anatazama, na kichwani ana wingu la vishanga lenye neno moja tu. Zefania hakulijua neno hilo. Kila mara aliliwekea maana aitakayo.

Siku moja ya mvua, mwanzoni mwa msimu wa kulima, alisikia sauti mlangoni.

"Hodi!"

Alishtuka hata akasahau kuitikia. Neno hilo lilikuwa halijasemwa mlangoni kwake siku nyingi.

"Hodi humu ndani! Shemeji, umelala?"

"Karibu. Karibu, shemeji."

Alikuwa Damari, mjane wa upande wa pili wa mawe, ameshika kigae mkononi. Marehemu mumewe alikuwa rika la Zefania, kwa hiyo waliitana shemeji ingawa walionana kwa nadra. Kuni zake zililowa, moto ukamzimikia, naye alikuja kuomba kaa. Zefania alimsogezea kigoda. Damari akaketi kuota moto, akakiona kitabu.

"Hiki ni cha dini?"

"Hapana. Ni cha mtu mmoja."

Akamfunulia. Alimweleza mawingu na mikia na vishanga, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza jinsi ilivyokuwa ikikwaruza. Damari hakuangalia kitambaa wala alichokifunika. Aliangalia picha, tena kwa makini, akiuliza kama mtu anayeulizia habari za jirani.

"Sasa huyu ni mwema au mbaya?"

"Ni yule yule tu, shemeji. Siku nyingine inakuwa heri, siku nyingine mtu anaumia."

Walipofika kwa mjane, Damari aliinama karibu zaidi. "Kapita wapi hapa?"

"Dirishani."

"Dirishani! Hana mdomo wa kupiga hodi?"

"Hataki kuonekana."

"Basi huyo mchawi. Mtu mwema akija kwangu atapiga hodi, nimwitikie, nimpe kigoda, nijue nani wa kumshukuru. Mimi ningepiga yowe mpaka mjini wasikie." Wakacheka wote wawili. Kisha Damari akarudisha kurasa nyuma. "Na mbona hakuna anayemsalimu? Angalia. Kitabu kizima, hakuna hata mtu mmoja aliyempa mkono."

Zefania alikuwa amekitazama kitabu kile miaka, na hilo hakuwahi kuliona.

"Mwisho wake anakuwaje?"

"Kurasa hazipo."

"Maskini," akasema Damari, na haikujulikana anamsema nani.

Alipokuwa akichagua kaa la kuchukua, alisema kwamba kesho anakwenda Kilimatinde kumuuguza dada yake Kristina, aliyelazwa hospitali ya misheni. Shamba lake la nyuma ya mawe alikuwa hajalilima. Mwaka wa jana wadudu walimmaliza, na mtama wa kupikia pombe hakuwa nao, basi watu angewaitaje? "Unajua mwenyewe, shamba la hapa halilimwi bila pombe. Nikirudi mvua itakuwa imenipita. Mwaka huu sijui nitakula nini, shemeji."

Nitakulimia mimi. Maneno hayo yalimpanda Zefania kichwani, kishanga juu ya kishanga, yakakaa huko huko. Damari aliaga, akaondoka na moto wake. Zefania hakukirudisha kigoda mahali pake. Kilibaki pale Damari alipokikalia.

Damari alipokwisha kuondoka, Zefania alianza kulilima lile shamba. Aliamka kabla ya jogoo, akalima mpaka mwanga unapotaka kuwatoa watu majumbani, akarudi. Nyuma ya mawe hakuna njia inayopita, na mvua za kila siku zilifuta nyayo zake. Alilima jinsi alivyofundishwa jeshini kuchimba mahandaki, kwa kamba na vijiti, matuta yamenyooka moja baada ya jingine. Hakuna mtu Unyambwa aliyewahi kulima hivyo, maana matuta ya kwetu hufuata ardhi inavyotaka. Kisha akapanda uwele wake mwenyewe, mbegu nzuri aliyokuwa ameiweka akiba. Mgongo ulimuuma, na alikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu avuke bahari.

Damari aliporudi, Zefania alikuwa amejibanza juu ya jiwe, anasubiri kuuona uso wake uking'aa.

Damari alifika na jembe begani, akaliona shamba, akasimama. Jembe likamwanguka. Alitazama ule uwele uliokwisha chipua kwenye mistari yake iliyonyooka, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe.

Watu walikuja mbio. Wanaume na fimbo, wanawake na michi, wakajipanga ukingoni mwa shamba wasikanyage ndani. Wa kwanza kupata kauli alikuwa Raheli, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na kufuli.

"Shamba limelimwa. Haya. Pombe yake alikunywa nani?"

Kila mmoja alimtazama mwenzake, akatikisa kichwa.

"Wimbo nani alisikia? Nyayo ziko wapi? Na haya matuta ni mkono wa mtu gani wa hapa? Damari kaenda Kilimatinde, sawa. Kamwacha nani anamlimia?"

"Mimi sijui!" Damari alikuwa akilia. "Mimi ndiye niliyewaita!"

Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Damari anafuga mbojo. Mchana anamtuma kulima, na usiku atamtuma nini? Jumbe Alute aliona heri kulimaliza jambo barazani kwake kwanza, kesho yake asubuhi. Likishindikana, alisema, mama huyu atapelekwa bomani. Kila mtu alikumbuka kwamba katika miaka ile mibaya si wote waliopelekwa bomani kwa shauri la mbojo waliorudi.

Zefania alibaki juu ya jiwe mpaka baridi ikamwingia mifupani. Nyumbani alikifungua kitabu kutafuta namna ya kufanya, akakifunua chote, na Mwenye Joho hakuwa na la kumsaidia. Huyu hakuwahi kwenda mbele ya watu hata mara moja akasema, ni mimi. Zefania aliogopa. Akisema, watamuuliza alikuwa akifanya nini gizani na uso umefungwa, na huenda kamba iliyotengwa kwa ajili ya Damari ikamfaa yeye. Asiposema, Damari ataondoka kati ya askari wawili. Damari aliyemwambia wazi, kwa mdomo wake, kwamba angepiga yowe. Alimwambia, na yeye akacheka.

Asubuhi alikuta baraza limejaa. Walimwachia nafasi kama kawaida, na safari hii nafasi ile ilimfikisha moja kwa moja mbele.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Una neno?"

"Shamba nimelima mimi."

Damari, aliyekuwa ameketi chini peke yake, aliinua kichwa.

"Wewe," akasema Jumbe. "Alikutuma nani?"

"Hakuna. Mwenyewe hajui."

"Mtu analima shamba la mtu, na mwenyewe hajui. Kwa nini hukumwambia?"

Zefania alifungua kinywa. Angewaelezaje habari ya paa, na mjane, na wingu lenye neno moja?

"Mpeni jembe," akasema Jumbe.

Walimpa, na kamba na vijiti alivyoviomba, akalima pale pale kwenye ua wa baraza, mbele ya Unyambwa nzima. Jasho lilikilowesha kitambaa, kikawa kinamziba pumzi. Akakivua, akakitupa chini, akaendelea. Wengine waligeuza nyuso. Alipofika mwisho tuta lilikuwa limenyooka, na Jumbe alikwenda akalitazama kwa jicho moja, kama mtu anayepima ubao.

"Ni mkono wake," akasema.

Hapo Raheli akaangua kicheko. "Kumbe si mbojo! Ni mposaji!" Na baraza zima likacheka, wanaume wakipigana mabega, wanawake wakifuta machozi, kwa sababu walikuwa wameogopa na sasa hawaogopi tena. Zefania alisimama katikati ya kicheko kile uso ukiwa wazi. Angestahimili hata kuchekwa, kama Damari naye angecheka. Damari hakucheka. Aliinuka, akakung'uta vumbi, akamwendea.

"Wewe ndiye uliyelima?"

"Ndiyo, shemeji."

"Jana kutwa nimejiuliza nani ananichukia hivi." Alimtazama usoni, pote, pazima na palipoungua. "Ungepiga hodi, shemeji. Ungesema tu, nakulimia. Ningekupikia uji, tungelima wote wawili, na watu wangetuona."

Akaondoka kabla hajajibiwa.

Zefania alimwacha kwanza apoe. Alitaka maneno yake yawe tayari, akayarudia wiki kadhaa kwa sauti, peke yake, mpaka mbuzi wa jirani wakayazoea. Ndipo asubuhi moja jua likiwa juu, akachukua jembe, akaacha kitambaa msumarini, akapita katikati ya kijiji njia ya watu wote, akiwasalimu. Wengine waliitikia. Raheli, akiwa anapepeta, alimwita.

"Unakwenda kwa Damari? Kaka yake wa Shelui alikuja jana na punda, wakaondoka. Anasema hawezi kuteka maji na watu waliomwita mchawi." Aliangalia ungo wake. "Na mimi nilikuwa mmojawapo."

Zefania alikwenda hivyo hivyo. Jiko lilikuwa la baridi. Mlango, ule ubao mzuri aliouchonga marehemu mwenyewe, walikuwa wameung'oa wakaenda nao, kama watu wanavyofanya wakihama kabisa, na pale ulipokuwa pamebaki uwazi tu unaoonyesha giza la ndani. Nyuma ya mawe uwele ulikuwa umefika magotini.

Alisimama nje ya ule uwazi na jembe lake, akasafisha koo.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya kusikika.

Akasubiri muda ambao mtu husubiri. Akasema tena. Mara ya tatu sauti yake haikukwaruza hata kidogo, ilitoka vizuri, kama sauti ya mtu yeyote. Kisha, kwa kuwa mtu akipiga hodi tatu bila kuitikiwa huondoka, aliondoka.