Kadi Pana ya Marehemu Mohdhar

Mwalimu Abdulqadir alikuja kuposa kwa adabu zake zote, akaondoka na paji la uso lililopasuka. Alikuwa amekaa barazani kwa Zein, kikombe cha kahawa hakijafika nusu, akasema kwamba Bwana Ghassan wa Matondoni anamwombea mwanawe Nour mkono wa Amal. Hata hajamaliza, Zein ameshanyanyua sinia ya shaba na kumbamiza nayo. Mwalimu aliyemfundisha alifu na be, jamani! Damu ikachuruzika kwenye kanzu, halua ikatawanyika, na majirani wakachomoza vichwa kwenye madaka ya milango yao.

“Kamwambie Ghassan,” Zein alifoka, “nilimbakishia mkono mmoja. Akirudia kumtaja mtoto wa ndugu yangu, na huo nitaufuata.”

Ili uuone ubaya wa maneno hayo, lazima ujue mkono wa kwanza ulikwendaje. Ghassan alikuwa fundi wa mashua, na si fundi wa kubahatisha. Miaka kumi na miwili nyuma alikuwa na shamba Kililana, ng’ambo ya maji, bara, limepakana na shamba la Mohdhar, kaka yake Zein na baba yake Amal. Habari za bandari mpya ya kujengwa huko zilipoanza kuvuma, ardhi ile iliyokuwa ya mihogo na nyani ikawapandisha watu wazimu. Asubuhi moja Mohdhar alivuka kwenda shambani kwake, na kabla ya adhuhuri wakamkuta amekatwakatwa kwa mapanga kando ya ua wake mwenyewe. Waliomkata hawajajulikana hadi leo. Lakini Ghassan alionekana bara alfajiri ile, na wiki iliyotangulia walikuwa wamegombana na Mohdhar juu ya mpaka.

Familia ikasoma Halbadiri, kisomo cha laana, imwangukie aliyehusika. Siku ya tisa binti mdogo wa Ghassan akashikwa na homa, akaweweseka siku tatu. Basi, imejibu! Mji mzima ukasema imejibu. Watoto wa Lamu wanashikwa na homa kila mvua ikinyesha, lakini nani alikuwa na masikio ya kusikia hilo? Zein, miaka ishirini na mitano, damu ikimchemka, akawachukua binamu zake wanne wakaenda Matondoni mchana kweupe. Wale wanne wakamlaza Ghassan kifudifudi juu ya ubao. Zein akachukua nyundo ya Ghassan mwenyewe, akaupiga mkono wa kulia, kidole baada ya kidole, mpaka ukawa hautambulikani. Ghassan alikuwa akilia, “Nilimwandikia! Wallahi nilimwandikia asivuke!” Wakamtoa simu mfukoni, wakaitupa baharini, wakarudi zao mjini wamejaa sifa.

Tangu siku ile Zein ndiye aliyemlea Amal. Babu hayupo, kaka hana, kwa hiyo ami ndiye wali wake, mwenye idhini ya kumwozesha, na ndoa ya msichana bila wali hakuna. Bi Ruwaida, mamake Amal, angeweza kwenda kwa kadhi kulalamika kwamba wali amekataa bila sababu. Amal mwenyewe ndiye aliyegoma. “Ami amenilisha na kunisomesha,” alisema. “Siolewi nyuma ya mgongo wake. Lakini Nour simwachi.”

Siku mbili baada ya mkasa wa sinia, mama na binti waliingia kwenye karakana ya Zein pale Langoni, anapotengeneza simu na laptop. Bi Ruwaida hakutoa salamu. Alifungua fundo la leso yake akaweka mezani kadi ya data, ya zamani zile: pana, bapa, ya kuchomekwa ubavuni mwa laptop, na kiantena chake cha kukunja.

“Ya Mohdhar,” alisema. “Imekaa kwenye kidaka cha ukutani miaka yote hii. Ghassan alisema alimwandikia. Simu ya Mohdhar asubuhi ile ilikuwa imezimika, umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Kama aliandika, aliandika humu. Ifungue.”

“Shemeji, kampuni yenyewe ilishazima mtandao huo zamani.”

“Sitaki mtandao. Nataka kilichomo. Ikiwa Ghassan ndiye aliyemwita mume wangu akachinjwe, mimi mwenyewe nitaivunja posa hii, na Nour nitamtemea mate. Ikiwa siye, wewe utaozesha Ijumaa. Umesikia?”

“Nimesikia,” Zein alisema, na moyoni alifurahi. Hakuwa na chembe ya shaka kuhusu Ghassan. Mtu aliyevunja mkono wa mwenzake hawezi kukaa na shaka, atalala vipi?

Kazi haikuwa rahisi. Kadi zile hazikuwa na laini ya kuchomoa ukaitia kwenye simu. Namba ilichomewa humo humo ndani, na ujumbe unabaki humo humo. Nazo laptop za siku hizi hazina tundu pana. Zikaja zenye tundu jembamba, kisha na hilo likafa, sasa ubavuni ni matundu ya USB tu. Zein alimpigia simu Wamuyu, mwuza vipuri wa Nairobi, naye akacheka weeee. “Hiyo kadi ni ya makumbusho, Zein! Lakini ngoja.” Siku ya tatu kikafika kwa ndege inayotua Manda kijisanduku cheusi: upande mmoja mdomo mpana wa kumeza kadi, upande wa pili mikia miwili ya USB, kwa sababu kadi zile zilikuwa na ulafi wa umeme na tundu moja halizishibishi.

Akachomeka. Laptop ikasema haikitambui kifaa hiki. Akatafuta programu yake ya zamani kwenye sidii zilizojaa vumbi, laptop ikaikataa. Mpya mno kwa programu ile. Zein akatukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Mwishowe akapakia mfumo wa zamani ndani ya ule mpya, ili laptop ijidanganye kwamba bado ni mwaka ule, akaiweka programu humo, akachomeka tena. Taa ndogo ya kijani kwenye kadi ikawaka. Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, Bi Ruwaida na Amal wamekaa mlangoni wanangoja.

Kisanduku cha programu kikafunguka. Mtandao: hakuna. Ujumbe: kumi na tisa. Akateremka mpaka wa mwisho kabisa, wa siku ile aliyokufa Mohdhar, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Aliyetuma: Ghassan.

*Mohdhar usivuke yeo asubuhi. Kuna watu wana mapanga shambani kwako, wakungojea wewe. Nimewaona kwa mato yangu. Simu yako haipatikani. Usivuke ndugu yangu, nijibu.*

Chini yake, kwa herufi ndogo: umefunguliwa, saa moja na dakika kumi na nne.

Zein alizisoma herufi hizo mara mbili. Hakushtuliwa na ujumbe. Alishtuliwa na ile saa. Kwa sababu saa moja na dakika kumi na nne asubuhi ile, kadi hii haikuwa kwa Mohdhar. Ilikuwa kwake yeye. Alfajiri alikuwa ameingia kwa kaka yake kimyakimya, akaichomoa kwenye laptop ya kazi, akaenda nayo chumbani kwake, betri ya laptop yake ikiwa bado na moto, apakue filamu. Na filamu ilipokuwa katikati, kidirisha kikachomoza: ujumbe kutoka kwa Ghassan. Alikifungua, akaona jina, akadhani ni yale yale ya mpaka wa shamba, akakifunga bila kusoma. Kilikuwa kinamzibia. Kadi aliirudisha jioni, wakati nyumba imeshajaa vilio, akaitumbukiza kidakani na hakuikumbuka tena.

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kufuta. Ndiyo, kilikwenda! Sitamsafisha. Kilikwenda na kikakaa pale.

“Umepata?” Bi Ruwaida aliuliza.

“Imeoza,” alisema, akaanza kuifunga laptop. “Haisomeki.”

Amal alifika mezani kwa hatua mbili akaudaka mfuniko. Zein akamkamata kiganja, akakiminya na kukisokota mpaka msichana akapiga yowe, lakini hakuachia. Akamng’ata ami yake mkono, akang’ata kisawasawa, mpaka Zein akamwachia. Amal akaigeuza laptop, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, sauti ikimkatika penye *ndugu yangu*.

“Kwa hiyo kweli aliandika,” Bi Ruwaida alisema taratibu. “Mohdhar akausoma, na bado akavuka?”

“La,” alisema Amal. Alikuwa anaangalia zile herufi ndogo. “Baba hakuusoma. Mimi nakumbuka, mama. Asubuhi ile aliipindua nyumba nzima akiitafuta kadi yake. Alinifokea mimi, akasema nimeichezea. Alitoka bila kuniaga kwa hasira.” Akamgeukia Zein. “Ami, nani alikuwa nayo?”

Zein akashika pale alipong’atwa.

“Ami!”

“Mimi,” alisema. “Niliiazima. Ujumbe uliingia, nikaufunga. Sikuusoma, Amal, wallahi sikuusoma.”

Chuma cha kulehemu simu kilikuwa mezani, cha moto, kinafuka moshi mwembamba. Bi Ruwaida alikishika akamchoma nacho shavuni. Nyama ikalia chwaaa. Zein akapepesuka akaangusha rafu nzima ya simu, na mwanamke yule mpole, ambaye Langoni nzima haikuwahi kusikia akipaza sauti, akamfuata chini akimpiga kwa ngumi, kwa kiatu, kwa ubao wa rafu, “Umeniulia! Umeniulia mume, ukaenda kumlemaza mtu aliyetaka kumwokoa! Umenitia mimi kwenye Halbadiri nimlaani asiye na kosa!” Zein hakujikinga. Watu wa duka la jirani ndio waliomvuta Bi Ruwaida, na hata alipokuwa anavutwa alikuwa bado anarusha mateke.

Amal hakumgusa. Alisimama tu, kiganja kimevimba, akasema, “Nenda ukamwambie Ghassan. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi.”

Zein akaenda. Kwa miguu, kutoka mji mpaka Matondoni, mchanga na jua, shavu limetoka malengelenge na jicho limefumba. Wenye punda waliopishana naye walimuuliza kuna nini, naye akapita. Njiani alijaribu kutafuta maneno ya kujitetea. Alikuwa kijana. Nani hakuwahi kuchukua kitu cha kaka yake? Kila alipolipata neno zuri alikumbuka ile sauti, *nilimwandikia*, nalo likamfia mdomoni.

Alimkuta Ghassan kwenye kiwanda chake, amekaa juu ya gogo, anamwelekeza Nour kupigilia ubao kwenye mashua iliyokaa juu ya magogo. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote hii: mdomo wake, mikono ya mwanawe. Mafundi wengine wawili walipomwona Zein waliacha kazi, mmoja akaokota shoka.

Zein akapiga magoti kwenye vumbi la mbao, akasema yote. Kadi, filamu, kidirisha. Na kile kidole kwenye kitufe cha kufuta hakukiruka.

“Ujumbe ulifika,” Ghassan alisema. “Ulifika kumbe. Miaka kumi na miwili, Zein, nalala nikijiuliza. Labda nilikosea namba. Labda ningekimbia mpaka gatini nikamzuie kwa mkono, badala ya kuandika. Mlipouvunja huu, nilisema pengine nastahili, kwa uvivu wangu. Ndiyo maana niliwasamehe. Ndiyo maana nimeweza hata kutuma mtu kuomba binti kwenu.” Akainua ule mkono wa kulia, umekunjamana, vidole vitatu vimeganda ndani ya kiganja. “Na ujumbe ulikuwa umeuona.”

Zein akaulaza mkono wake mwenyewe juu ya ubao. “Nipige.”

“Kwa mkono upi?” Ghassan aliuliza.

Hapo Nour akashuka kwenye mashua. Alikuwa na umri wa miaka kumi siku ile walipomlaza babake, na aliona yote kutoka nyuma ya rundo la mbao. Ngumi ya kwanza ilimvunja Zein pua. Ya pili ilimlaza. Kisha mateke, ya mbavu, ya tumbo, ya kichwa, na kijana analia huku anapiga, makamasi na machozi, anataja vidole kimoja kimoja, gumba, shahada, cha kati. Mafundi hawakusogea. Ghassan naye aliachia. Aliangalia tu, na usinidanganye kwamba wewe ungefanya vingine.

Nour alipookota nyundo na kuinyanyua juu ya uso wa Zein, ndipo babake akasema.

“Nour! Tini! Weka nyundo tini!”

“Baba, niache!”

“Nimesema weka. Mvunje chochote, lakini mdomo mwachie. Huo ndio utakaokuozesha Ijumaa.”

Nour akasimama, kisha akaitupa nyundo mbali kwenye mikoko. Ghassan akainuka kwenye gogo lake akaenda zake, hakutazama nyuma.

Zein alibaki pale chini, damu imemjaa kooni, hakuna aliyemwinua. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi. Akainua kichwa, akamtafuta Nour kwa jicho moja, akajaribu lile neno la wali la kuozesha aone kama bado linatoka.

“Nimekuoze...” alisema, na likatoka pamoja na jino.