Ovaroli Iliyobaki Kabatini

Siku ya Jumanne, Gasto aliokoa mtu kwenye mashine. Jumatano asubuhi alikuja ofisini kwangu kuacha kazi.

Nilimwambia akae, hakukaa. Mimi ni afisa utumishi wa kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida mjini, na watu wanaotaka kuacha kazi huja na sababu mkononi: mshahara, mgongo, mama mgonjwa kijijini Mitundu. Gasto hakuwa na hata moja.

"Nimechoka tu, Madam Hanifa," alisema, akiiangalia kofia yake.

Na hapo jina lake lilikuwa mezani kwa mkurugenzi, athibitishwe kuwa msimamizi wa zamu, kazi aliyokuwa akiikaimu vizuri tu. Nani anakimbia cheo kinachomfuata mlangoni?

"Nipe mpaka Ijumaa," nilimwambia. Kwetu wananiita mpekuzi tangu nikiwa mtoto dukani kwa baba. Mtu akinificha jambo, chakula hakinishuki.

Yaliyotokea Jumanne kila mtu alikuwa tayari kuyasimulia. Mama Magdalena, mchambuaji wa mbegu niliyemwajiri mwenyewe msimu huu na kujisifu kwa usaili mzuri, aliinama karibu na mkanda wa mashine. Kanga yake ikadakwa, mkanda ukaanza kumvuta. Wenzake wakapiga kelele. Gasto akaruka magunia, akamkamata kiunoni, akamng'oa pale. Kanga na sketi vikabaki kwenye mashine, mama akatoka na gagulo na mkono uliochubuka. Hadi hapo wanasimulia kwa raha zao. Nikiuliza kwa nini shujaa mwenyewe anaondoka, ghafla kila mtu anakumbuka kazi yake.

Nikaenda kuuangalia huo mkanda mwenyewe. Jambo moja likanishangaza. Wachambuaji wote walikuwa wamevaa ovaroli za bluu tulizoleta baada ya Idi. Kina mama watu wazima walinung'unika sana kuvaa suruali, lakini walivaa. Iweje Mama Magdalena peke yake awe na kanga? Kugawa ovaroli na kuhakikisha zinavaliwa ilikuwa kazi ya Gasto. Nikafungua kabati la vifaa. Ilikuwamo moja, mpya, bado iko kwenye nailoni, saizi ya yule mama kabisa.

Nilikasirika, sitaficha. Mtu angepoteza maisha kwa sababu ya nguo iliyokaa kabatini! Nikamvuta pembeni Pendo, mchambuaji ambaye mdomo wake ni mwepesi kuliko wa wenzake.

"Gasto ana ugomvi gani na Mama Magdalena?"

Pendo alinitazama kama niliyeuliza jua linachomoza wapi. "Kwani Madam hujui? Yule ni mama yake Witness."

"Witness gani?"

"Mke wa Gasto."

Nikacheka. Mume wangu Nasri akija kwa mama yangu huomba aongezewe sukari kwenye chai, na utani juu. Pendo hakucheka.

"Sisi kwetu hapana, Madam. Mkwe humwangalii usoni. Huli mbele yake. Sasa utaanzaje kumwambia avae suruali?"

Habari hizo nilizisikia tangu utotoni, ila nilidhani zimebaki kwa mababu huko vijijini. Kumbe zinaingia kazini kila asubuhi na kusaini. Ndipo nikaelewa kwa nini Gasto huzunguka nyuma ya magunia kila yule mama anapoingia. Mimi nilidhani anakagua mzigo, nikamsifia kwenye ripoti.

Jioni nilikwenda Mandewa, kwenye chumba alichopanga Mama Magdalena. Nikamwamkia shikamoo, akanipa kigoda na karanga.

"Mama, mbona hukuniambia una mkwe kiwandani?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliniuliza kama naweza kusimama siku nzima." Akaendelea kumenya. "Lakini usihangaike. Mimi narudi Mgori kulima. Yeye abaki na kazi yake, ana watoto."

"Yeye ndiye aliyekuja kuacha."

Mikono yake ikasimama. "Kwa sababu alinishika?"

"Labda. Au kwa sababu ya ovaroli." Nikamweleza niliyoikuta kabatini.

Akaweka karanga chini. "Nyumbani hili lingekuwa jambo la mbuzi," alisema. "Angemleta, wazee wangeketi, yangeisha. Huku mjini nani wa kuketi?"

"Nitaketi mimi."

Alinipima kwa macho. "Wewe? Hata mvi huna."

Lakini Ijumaa alikuja.

Tulikutana stoo, mahali ambapo magunia yamepangwa kupita urefu wa mtu. Gasto alisimama upande huu, mama upande ule, mimi nikasimama mwisho wa safu, nikiwaona wote wawili. Chuoni nilisomea utumishi miaka yote, na hili hakuna aliyenifundisha.

"Mwambie huyo mtu wa mashine," mama alianza, akiniangalia mimi, "siku ile wenzangu walipiga kelele. Yeye alikuja. Mwambie kanga nimenunua nyingine. Witness asingepata mama mwingine."

Gasto alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alinigeukia akisubiri, nami nikamweleza yote upya, neno kwa neno. Akaketi juu ya gunia, kofia usoni, mabega yakimtikisika. Nusura na mimi nilie.

"Nimjibu nini?" nikamuuliza.

Alipoiondoa kofia, macho yalikuwa mekundu. Akachukua kitu alichokuwa amekuja nacho, akanikabidhi. Ilikuwa ile ovaroli, bado iko kwenye nailoni.

"Mwambie aivae," alisema. "Asipoivaa, mashine siwashi."

Ilikuwa amri yake ya kwanza kwa mkwe wake. Nikazunguka upande wa pili nikaifikisha. Mama Magdalena aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akaipima miguu ya suruali kiunoni kwake, akatikisa kichwa.

"Mwambie naivaa," alisema. "Ila na yeye azunguke nyuma ya magunia kama kawaida. Asije akaniona na suruali."

Sikuhitaji kumfikishia. Gasto alikuwa ameshaanza kuzunguka, na baada ya muda mfupi nikasikia mashine ikiwaka.