Karatasi Iliyobandikwa Getini

Mzee Gachanja alipenda vitu viwili karibu kama pesa: redio yake na muhuri wake. Karatasi ikishagongwa muhuri na kubandikwa kwenye geti la ploti yake ya vyumba vya kupangisha, Kawangware, hiyo ilikuwa sheria, iwe kodi imepanda au kuku wamepigwa marufuku. Na haikubanduliwa kamwe. Notisi ya kubanduliwa, alisema, si notisi.

Nashon, aliyefungua geti hilo, akafagia na kuzibua vyoo kwa elfu nane kwa mwezi, alitoka kwake Mashimoni, Kibera, siku hiyo kwa miguu akiwa na neno moja. Asipoongezwa elfu nne, binti yake Daisy angepelekwa kwa nyanya yake Bondo.

Alimkuta Gachanja akisikiliza wataalamu wawili wakibishana redioni mtu anahitaji mshahara gani ili aishi. Mmoja alikuwa na digrii, mwenzake alikuwa na tatu, na jibu hakuna. Nashon akaona mlango umefunguka, akaomba.

Gachanja alicheka sana. Hesabu iliyowashinda wasomi yeye angeimaliza kabla chai haijapoa. Akachukua karatasi, akaandika unga, sukuma, mafuta ya kupima, karo. Omena, dagaa wa ziwani, akaikata, kwa kuwa yeye haili na bado anaishi. Nashon alipotaja michango ya matanga akaambiwa hii ni hesabu ya kuishi, waliokufa wajipange. Hata hivyo jumla ilikuwa elfu kumi na mia tano, na ubishi ukaishia kwenye kodi, kwa sababu Nashon alilipa elfu tatu na mia tano huko Mashimoni.

"Umeibiwa, Nashon," Gachanja akasema. "Chumba moja ya mabati, choo ya nje, maji ya kubeba? Hiyo ni elfu moja."

Akakata, akaandika elfu moja, na pembeni akaongeza kwamba mwenye akili halipi zaidi. Jumla ikawa elfu nane kamili. Kwa furaha akagonga muhuri, akamtuma Nashon aibandike getini wote wasome.

Nashon alipaka gundi akimwaza Daisy. Nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya notisi ya kodi: chumba kimoja cha mabati, choo cha nje, maji ya kubeba, elfu nne na mia tano. Akaisoma ile, akasoma na hii. Kisha akaenda kumwita Eddah, mfuaji wa nguo wa chumba cha tatu, ambaye mdomo wake ulifika hadi Soweto East, Kibera, bila simu.

Kabla ya saa nne wapangaji wote walikuwa wamepiga foleni mlangoni kwa Gachanja, kila mmoja na noti ya elfu.

"Mzee, tumekuja kulipa rent," Eddah akasema. "Hatutaki uone hatuna akili."

Gachanja akashika kalamu na muhuri, akaenda getini, foleni nyuma yake. Kubandua hawezi, watu wangemcheka mpaka kanisani. Ilibaki kurekebisha. Akakata ile elfu moja, akaandika elfu nne na mia tano, kalamu ikashuka yenyewe hadi kwenye jumla: elfu kumi na moja na mia tano. Eddah akaipiga picha, ampelekee tajiri anayemfulia, naye aongezwe.

"Mzee," Nashon akasema kwa upole, "na omena?"

Gachanja aliitazama ile foleni. Akaandika omena, mia tano, jumla elfu kumi na mbili, akagonga muhuri.

Mwisho wa mwezi Daisy alisukuma sahani akanung'unika kwamba kila siku ni omena tu. Nashon alicheka mpaka akalia.