Hata Huku Kwetu Tuwe Macho

Saa mbili na robo asubuhi, baada ya kupanga vikombe vya kusukutulia na kabla mgonjwa wa kwanza hajafika, karani wa mapokezi wa kliniki ya meno alikaa kwenye kiti chake akafungua simu. Mtaa mzima ulimwita Dada Taarifa. Hakuwa mbea, na hilo alikuwa amelieleza mara nyingi. Alikuwa mpenda watu tu, na mpenda watu hawezi kunyamaza huku wenzake wanaangamia. Wiki hiyo peke yake alikuwa amewaokoa na ndizi zenye sindano ndani, na mnara wa simu unaokausha maziwa ya ng'ombe, na mwezi ambao ungegusa mapaa siku ya Alhamisi.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ujumbe kutoka kwa shemeji wa rafiki yake. Ulisema kuna mwokaji, mahali fulani, anayetia sabuni ya unga kwenye mikate ili iumuke haraka. Haukutaja jina wala mji. Dada Taarifa aliuona umepwaya kidogo, akauongezea mstari mmoja wa kwake: "Hata huku kwetu tuwe macho." Chini yake akaweka picha ya kikombe cha chai, kama ilivyokuwa desturi yake, akautuma kwenye kundi la ukoo, kundi la wapangaji na kundi la mtaa. Kisha akaita mgonjwa wa kwanza.

Huku kwao palikuwa na mwokaji mmoja tu. Alikuwa mdogo wake, tumbo moja, mtu wa miaka arobaini na miwili ambaye watu walimwita Tanuri, kwa kuwa alirithi tanuri la baba yao na hakuwahi kutaka kitu kingine duniani isipokuwa kuona watu wakila mkate wake. Dada Taarifa hakulifikiria hilo. Alipokuwa akituma, alikuwa akiwafikiria wale waokaji wengine.

Kesho yake mikate ilianza kutoa povu.

Ilianza kwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu. Aling'ata, akatafuna, akamwambia mkewe kwamba leo kutakuwa na jua, na povu likamtoka mdomoni pamoja na maneno. Mkewe akampa kitambaa. Kufikia saa nne kliniki ilijaa watu wanaosukutua, na daktari wa meno, ambaye hakupenda kuchelewa, akaagiza vikombe vingine mia mbili. Mwalimu alikuwa kwenye foleni. "Lisemwalo lipo," alisema. "Kama halipo, laja." Watu walikubali kwamba limekuja, wakarudi kwenye simu zao kuwaarifu ambao halijawafikia.

Kadiri ujumbe ulivyosambaa ndivyo povu lilivyozidi. Siku ya tatu mikate ilitoa povu hata kabla ya kung'atwa, ikiwa bado rafuni, na wenye maduka wakairudisha ikiwa imelowesha mifuko. Tanuri, aliyezoea kumaliza mikate mia tatu kabla ya saa tatu, sasa alikaa mlangoni na trei zake, akiwasalimia watu waliokuwa wanavuka barabara ili wasisalimiwe.

Mwenyewe akamwita mkaguzi wa afya. Mkaguzi alipima unga, maji, hamira, chumvi na sukari, mkate mmoja akaupeleka maabara na mwingine akaula palepale. Baada ya siku nne alileta ripoti ya kurasa mbili. Ndani ya mikate hamkuwa na sabuni ya aina yoyote.

"Kisheria mkate wako hauna neno," alisema, akijipangusa povu kwenye masharubu.

"Na hili povu je?"

"Povu halimo kwenye fomu."

Tanuri aliipiga ripoti picha akaiweka kwenye kundi la mtaa. Watu waliiona ndefu. Mmoja akauliza, "Kwa kifupi inasemaje?" Mwingine, ambaye naye hakuisoma, akamjibu, "Kwa kifupi, sabuni."

Dada Taarifa alilisoma jibu hilo akiwa mezani kwake, na aibu ikamshika. Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwenye tanuri. Mdogo wake alikuwa anakanda unga wa kesho, ingawa hakuna aliyekuwa ameagiza.

"Yale maneno ya hata huku kwetu," alisema, "niliyaongeza mimi."

"Najua, dada."

"Umejuaje?"

"Kikombe cha chai." Tanuri aligeuza donge la unga. "Nimetumiwa na watu arobaini na watatu, na kila mmoja kanitumia na kikombe chako."

"Na ukanyamaza tu?"

"Nilikuwa nakusubiri uje. Wewe ni mkubwa wangu, ningekuanzaje?"

Dada Taarifa akalia kidogo. Kisha akakaa juu ya gunia la unga akaandika: "Ndugu zangu, mikate ya mdogo wangu haina sabuni na haijawahi kuwa nayo. Maneno yale niliyaongeza mimi, na sikuwa na hakika nayo. Naomba radhi. Tafadhali wafikishieni na wengine." Akaweka kikombe cha chai. Kundini walimjibu kwa vidole gumba na maua, na mjomba wao akamsifu kwa uungwana. Waliowafikishia wengine walikuwa kumi. Ukimweka na yeye mwenyewe, kumi na mmoja.

Asubuhi, kati ya mikate mia tatu, mikate kumi na mmoja ilitoka mikavu na mitamu, haina povu hata chembe. Tanuri aliihesabu mara mbili akaipanga kwenye rafu ya juu. "Si haba," alisema.

Mwezi haukuisha, mke wa mwalimu akagundua kwamba kipande cha mkate wa Tanuri kinatakatisha kola kuliko sabuni ya dukani. Akaandika kundini. Trei zikaanza tena kuisha kabla ya saa tatu. Watu walimsifu Tanuri na kumuuliza kama anaweza kuoka mikate yenye harufu ya limau. Wa kuila hakuwapo. Tanuri alifunga mikate kwenye karatasi, akasema asante, na kila baada ya wateja wachache aliingia ndani akasimama kidogo mbele ya tanuri la baba yake, halafu akarudi.

Ile ya rafu ya juu nayo ikaanza kupungua. Mjomba alinunua simu mpya, ule ujumbe wa radhi ukabaki kwenye ile ya zamani, na mikate ikawa kumi. Mwingine aliufuta apate nafasi ya video za harusi, ikawa tisa. Mwaka ulipoisha ulibaki mmoja, kwa sababu ujumbe wenyewe ulikuwa umebaki kwenye simu ya Dada Taarifa peke yake.

Tangu hapo aliitunza simu ile kama yai. Ilipomwambia kwamba imejaa, alifuta picha za safari, halafu za mahafali ya binti yake, na mwishowe ile moja ya marehemu baba yao amesimama mbele ya tanuri, ana unga mpaka kwenye nyusi. Hiyo ya mwisho ilimuuma sana. Video za tahadhari hakuzigusa, maana mtu hawezi kujua zitahitajika lini.

Kila siku kabla ya kazi alipita kwa mdogo wake. Tanuri aliukata ule mkate mmoja katikati, wakaula wamesimama, naye akamtazama dada yake akitafuna hadi kipande cha mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake ya siku.

Asubuhi moja simu ikatetemeka mkate ukiwa bado mkononi. Ujumbe ulisema kuna kinyozi, mahali fulani, ambaye mashine yake hunyoa nywele pamoja na majina ya watoto wako, ukitoka huyakumbuki. Ng'ambo ya barabara kinyozi wa mtaa, ambaye alikuwa mmoja tu, alikuwa akifungua mlango wake. Akawapungia mkono, nao wakampungia.

Dada Taarifa aliutafakari ujumbe ule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutafakari ujumbe wowote. Yaliyompata yalikuwa yamemfunza. Akautuma kama ulivyo kwenye makundi yote matatu, na safari hii hakuongeza neno lake hata moja, wala kikombe cha chai.