Mama Mdogo wa Getini

Katika kiwanda cha magodoro hapakuwa na mama. Palikuwa na mama wadogo, palikuwa na mashangazi, na wachache waliojiita walezi. Mwanamke aliyethubutu kusema ana mtoto wa kumzaa, kesho yake alihamishiwa meza ya foronya. Meza hiyo ilikuwa mwisho kabisa wa chumba cha ushonaji, jirani na choo, na kazi yake ilikuwa mshono mmoja tu, siku nzima, mwaka mzima. Meneja alikuwa na sababu zake. Mwenye mtoto, alisema, leo mtoto ana homa, kesho kuna mkutano wa shule, keshokutwa mwenyewe anasinzia. Foronya hata ikichelewa haimuumizi mtu. Na kwenye foronya hakuna aliyepandishwa cheo. Watu walizeeka tu.

Meneja huyo walimwita Bwana Saa, kwa tabia yake ya kugonga kioo cha saa kwa ukucha kila alipomwona mtu ananyoosha mgongo.

Sindano, fundi wa mifuko ya magodoro, aliijua sheria hiyo siku yake ya kwanza. Alipewa cherehani kubwa ya dirishani, na kitini akakuta kimto cha mtu. Akauliza cha nani. "Cha yule kule," wakamwonyesha mwanamke aliyeinama kwenye meza ya mwisho. "Kazaa. Siku hizi anaitwa Mama Foronya." Sindano akampelekea kimto chake, akarudi akaketi. Nyumbani alikuwa ameacha kichanga cha miezi michache, ambaye baba yake alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo huko huko. Bwana Saa alipopita na kumwuliza kama ana watoto, alijibu bila kupepesa macho kwamba yupo mmoja, ila ni wa dada.

"Umenizalisha bila uchungu," dada mtu alimwambia jioni ile. Alikuwa msusi mwenye wanawe watatu na kibanda mtaa wa pili kutoka kiwandani. "Haya, nimejifungua. Ila siku atakayokukana usije kulia kwangu."

Mtoto akakua, mdogo wa umbo na mkali wa maneno, wakamwita Kibiriti. Msusi alifunga kibanda kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, kwa hiyo kila jioni alimleta Kibiriti getini, wamsubiri Sindano, warudi pamoja. Hapo ndipo palipohitaji mafunzo. Watoto wengine hufundishwa kuvuka barabara. Huyu alifundishwa hivi:

"Nyumbani mimi ni nani?"

"Mama."

"Getini?"

"Mama mdogo."

"Na mwenye saa akiwepo?"

"Mama mdogo, na sikukumbatii."

Akijibu sawasawa alipata biskuti. Kibiriti hakuwahi kukosea, na mama yake aliona fahari. Fahari yenyewe ilimchoma ubavuni kila alipoihisi, lakini binadamu huzoea, naye akazoea.

Sasa, dunia ina vituko. Kiwanda kikauzwa, akaja mkurugenzi mpya, mama wa makamo mwenye viatu visivyotoa sauti na maneno mengi ya kutia moyo. Watoto wake mwenyewe walikuwa shule ya bweni, mbali sana, na aliwataja kwa mapenzi makubwa. Aliwakusanya washonaji akatangaza kwamba msimamizi wao anastaafu, na nafasi ile atapewa mama. Si mwanamke tu, mama hasa.

"Anayelea huku anafanya kazi ndiye anayejua uongozi," alisema. "Tena atatoka mapema, saa watoto wanapotoka shule, akamchukue mtoto wake mwenyewe."

Bwana Saa, aliyesimama nyuma yake, alipiga makofi kuliko wote.

Hata chai ya saa nne haijanyweka, kiwanda kizima kilikuwa kimezaa. Mashangazi wa jana waligeuka wazazi wa leo, wengine wa mapacha. Hata Wanja, msichana wa upande wa zipu aliyeitwa hivyo kwa macho yake yaliyochorwa, ambaye juzi tu alisema watoto wanamtia kichefuchefu, alikumbuka kwamba anaye mmoja. Sindano hakucheka. Yale maneno ya kumchukua mtoto mwenyewe yalikuwa yamemwingia. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona Kibiriti akitoka darasani. Hakujua kama hutoka mbio au huburuta mkoba. Cheo alikitaka, asimdanganye mtu, na kazi aliijua. Lakini zaidi alitaka kusimama pale mlangoni mwa shule na kuonekana.

Akapiga moyo konde, akaingia ofisini kwa mkurugenzi, akamkuta na Bwana Saa.

"Wewe una mpwa," Bwana Saa akamkumbusha.

"Ni mwanangu, bwana. Nilimficha."

"Kwa nini ufiche jambo la heri kama hilo?" akauliza, na usoni hakuwa na haya hata tone.

Sindano akamgeukia mkurugenzi. "Cheti chake cha kuzaliwa ninacho, mama."

"Vyeti, binti yangu, vinanunuliwa," mkurugenzi akasema kwa upole. "Mtoto hanunuliki. Njooni nao Jumamosi, niwaulize wenyewe."

"Na Mama Foronya, mama? Yeye kila mtu anajua ana watoto."

Bwana Saa akajibu yeye, kwa masikitiko. Yule hana uzoefu, akasema. Amekaa foronya mno.

Ijumaa jioni, kibandani kwa msusi, Sindano alimkalisha Kibiriti kwenye kiti cha kusukia.

"Kesho, kule kiwandani, mimi ni mama. Umesikia? Hata mwenye saa akiwepo."

Kibiriti akamtazama kupitia kioo. "Ni mchezo mpya?"

"Si mchezo. Ndio ukweli wenyewe."

"Ulisema yeyote akiniuliza kule, hata akiniuliza kwa upole, nisiseme. Ulisema hasa akiniuliza kwa upole."

Msusi akaacha kitana kichwani mwa mtoto, akatoka nje kumalizia kicheko. Sindano akarudia somo mara kadhaa, na Kibiriti akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayewavumilia wagonjwa. Biskuti aliyopewa hakuila, aliitia mfukoni.

Jumamosi ofisi ilijaa watoto waliopakwa mafuta. Wanja aliingia kwanza na mtoto wa mama mwenye nyumba wake, mfuko wa peremende ukimvimbisha shati. Mtoto yule alimrukia shingoni, akamwita mama mara tatu bila kuulizwa, akamfuta na vumbi la sponji kwenye nywele. Mkurugenzi alitafuta leso.

Ikafika zamu ya Sindano. Mkurugenzi akainama mpaka macho yakalingana na ya Kibiriti, akatabasamu.

"Mrembo, huyu uliyekuja naye ni nani wako?" Sauti ilikuwa ya upole kweli kweli.

Kibiriti akamtazama mama yake. Kisha akatazama mlangoni, na pale mlangoni, ameegemea, alikuwepo mwenye saa. Sindano aliona mabega madogo yakinyooka. Aliona mtoto akivuta pumzi, kama mwanafunzi aliyepewa swali aliloliota, akajua kinachokuja na asiweze kukizuia.

"Ni mama mdogo," Kibiriti akasema kwa sauti safi. "Mama yangu anasuka nywele. Mama mdogo hana mtoto." Akasogea hatua moja kando, asije akamgusa.

Bwana Saa akagonga saa yake. Mkurugenzi akainuka taratibu, na kilichomuumiza Sindano ni kwamba yule mama alikuwa amehuzunika kwa dhati. "Mpaka kumtumia mtoto wa dada yako?" akasema. "Hukumwonea huruma?"

Kila neno la kweli alilokuwa nalo Sindano alikuwa amelifundisha liwe uongo. Akamshika Kibiriti mkono, wakatoka.

Nje ya geti mtoto alirukaruka. "Nilisema vizuri? Alitaka kunitega, nikamkwepa. Hata ile biskuti sikuila, nilijua unanijaribu."

Sindano akachuchumaa pale barabarani, akamfunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, kwa sababu alihitaji mahali pa kuficha uso. "Ulisema vizuri sana," akamwambia. Aliona uchungu, na aliona aibu, na hasira ilikuwepo, lakini hakupata wa kumtupia ila yeye mwenyewe.

Jumatatu Wanja akawa msimamizi. Sindano naye akaitwa na Bwana Saa, ambaye alikuwa amelipima jambo lote kwa haki. Kama mtoto si wake, alieleza, basi ni mwongo, na mwongo haachiwi cherehani kubwa. Na kama ni wake, basi mahali pa wenye watoto panajulikana. Mama Foronya alimsogezea kiti pale kwenye meza ya mwisho. Baadaye akatoa kimto alichokuwa amekalia, akampa.

Kabla ya mchana msimamizi mpya alikuja akiinama kando yake, kama anayekagua mshono. "Dada Sindano," akanong'ona, "mkurugenzi kaniambia nizungumze na wageni juu ya malezi. Hivi mtoto akiwa na homa, mnafanyaje?"

Sindano akamweleza. Alimweleza yote, kitambaa cha maji, kumgeuza geuza, kumsikiliza anavyopumua, mpaka Wanja akaacha kuitikia kwa kichwa akawa anamtazama tu.

King'ora kilipolia Sindano alitoka na wenzake. Msusi na Kibiriti walikuwa mahali pao pa siku zote, na hatua chache kutoka kwao Bwana Saa alikuwa akihesabu watu wanaotoka. Sindano hakupunguza mwendo. Alikwenda moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya mwanawe, akafungua mikono mbele ya kiwanda kizima.

"Njoo," akasema kwa sauti ya kusikika. "Njoo kwa mama."

Kibiriti hakusogea. Macho yalimtoka kwa hofu, yakaenda kwa yule bwana, yakarudi. Kisha akamwinamia sikioni, bila kumgusa, akanong'ona haraka:

"Mama, nyamaza. Mwenye saa yupo."