Jicho la Kushoto la Nambari Saba

Mwanangu alikuwa mchezaji wa akiba, na kwa sababu hiyo nilifunga mdomo siku mbili nzima. Sijivunii.

Mjini kwetu Dellmore, magharibi mwa Texas, kila mtu ana maoni kuhusu kwotabeki wa timu ya shule, ile ya mpira wa Kimarekani. Huyo ndiye kijana anayepokea mpira kila mchezo, yaani kila jaribio fupi la kusogea mbele, unapoanza, akaamua ampe mwenzake akimbie nao au aurushe mbali. Timu ikishinda, ameshinda yeye. Ikishindwa, ni yeye pia. Oktoba ile tulikuwa tumefungwa mechi tatu mfululizo, na kila mahali, posta, kwa kinyozi, hata kwenye ngazi za kanisa baada ya ibada, swali lilikuwa moja: Brantley Oldham abaki au atolewe?

Brantley alikuwa na miaka kumi na saba, jezi nambari saba, mrefu na mpole, wa kukujibu "Ndiyo, mama" hata ukimkanyaga. Aliyekuwa akisubiri nyuma yake ni Royce wangu, huo mwaka wa pili. Kila Ijumaa Royce alivaa jezi, akakaa benchi, akairudisha nyumbani bila doa. Niliifua hivyo hivyo.

Mimi ndiye niliyerekodi video za mechi, juu ya mnara wa mbao kando ya uwanja. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa mikono yangu haitetemeki na sipigi kelele. Kazi yangu ya kila siku ni kukadiria hasara ya mazao. Mvua ya mawe ikiipiga pamba ya mtu, kampuni ya bima inanituma shambani. Nilisoma stashahada ya kilimo, na mengi nimeyasahau ila hili: usihangaike na majani. Majani yaliyochanika yanatisha lakini yanaota tena. Pasua shina utazame ndani.

Jumapili mchana nilikaa kuiandaa video ya mechi ya tatu tuliyofungwa. Kwotabeki hufunga mkononi kikadi chenye orodha ya mbinu. Kocha anataja nambari kutoka pembeni, kijana anaisoma kwenye kikadi, anawaambia wenzake. Nilikuwa nimeivuta picha karibu nikaona Brantley anasoma huku jicho la kushoto amelifumba. Nikadhani ni jua. Lakini mechi ilichezwa chini ya taa.

Nikarudisha nyuma. Kila aliposoma kikadi, jicho lilifumbwa.

Nikatoa video za Septemba. Macho yote mawili wazi. Nikaja mechi ya nne, robo ya tatu: Brantley anavamiwa kutoka kushoto, anaanguka chali, kisogo kinagonga ardhi. Alitoka kidogo, akarudi. Kuanzia hapo, jicho.

Mtu hufumba jicho moja anapoona vitu viwiliviwili. Mama yangu alifanya hivyo wiki nzima kabla hajaanguka jikoni.

Nikaona na jambo la pili. Mbele ya kwotabeki kuna vijana watano wakubwa wa kumkinga, ukuta wake. Yule wa kushoto alivunjika kifundo cha mguu mwezi Septemba, na aliyewekwa badala yake alikuwa mzito lakini mzembe wa miguu. Wapinzani walipita kwake kama wanapita mlango wa dukani. Mara kumi na moja katika mechi moja. Nilihesabu.

Jumatatu jioni klabu ya wazazi ilikutana kwenye bwalo la shule kama kawaida, kula chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, na chipsi za mahindi na kutazama video pamoja na Kocha Stegall. Gaylon Teague, mwenye duka la matairi, hakungoja hata kijiko cha pili.

"Kocha, hapo mtoto kamrushia refa!"

"Refa alikuwa peke yake, Gaylon. Hakukabwa na mtu," mzazi mmoja akajibu.

Watu wakacheka.

"Ana mchumba huyo," mwingine akadakia. "Binti wa mchungaji. Akili yote iko kanisani."

"Ingekuwa kanisani angekuwa anatuombea. Sisi tunachapwa!"

Marla Oldham, mama yake Brantley, alikuwa amekaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka kama ubao. "Nina masikio, Gaylon."

"Najua, Marla. Samahani, dada. Lakini na sisi tuna macho."

Kisha Gaylon akanigeukia. "Lorna, mbona kimya? Wako kakaa benchi mpaka benchi limeota umbo la makalio yake. Sema neno, mama."

Bwalo zima likanitazama. Video ilikuwa imesimamishwa. Kwenye ukuta, mkubwa kuliko sisi sote, Brantley alikuwa ameinamia kikadi, jicho la kushoto limefumbwa. Hakuna aliyemtazama.

"Mimi narekodi tu," nikasema.

Kocha Stegall akajifuta masharubu. "Brantley anabaki. Ijumaa anaanza yeye. Atakayetaka kunifukuza, barua aipeleke kwa mkuu wa shule. Nimezizoea."

Marla akashusha pumzi. Nami, nisiwadanganye, kwanza niliumia kwa ajili ya Royce. Lile jicho nililikumbuka nikiwa ndani ya gari.

Jumanne asubuhi nilienda ofisini kwa kocha na kompyuta yangu. Alitazama vipande vyote. Kisha akaegemea kiti.

"Lorna, nikuulize kama rafiki. Hili ni la Brantley au la Royce?"

"Ni la jicho."

"Sawa." Akavuta droo, akatoa karatasi mbili. "Kila mchezaji anafanya mtihani wa kompyuta mwezi wa Agosti, kabla msimu haujaanza. Kumbukumbu, maumbo, wepesi wa kujibu. Akigongwa kichwa, anaufanya tena. Tunalinganisha. Hii ya Agosti, hii ya siku tatu baada ya kugongwa. Soma."

Alama zilikuwa sawasawa.

"Mashine haina mtoto benchi," akasema, si kwa ubaya.

Jioni Royce alikuwa jikoni, amesimama, anakula bakuli la nafaka na maziwa kabla ya chakula, kama kawaida yake.

"Ule mtihani wenu wa Agosti," nikamwambia, "wa maumbo na maneno. Ni mgumu?"

"Kuukosa vizuri ndiyo kazi."

"Maana yake nini?"

Akaacha kutafuna. Akaniangalia kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Mama, kila mtu anajua. Agosti unaufanya vibaya makusudi. Ukija kugongwa ukapimwa tena, alama zinalingana, unarudi uwanjani. Ukipata alama nzuri Agosti, umejimaliza."

"Na Brantley?"

"Brantley ndiye aliyetufundisha."

Swali lililofuata lilikuwa tayari mdomoni. Badala ya kuliuliza, nilichukua funguo za gari.

Marla alifungua mlango nusu. "Umekuja kuomba nafasi ya mwanao mlangoni kwangu?"

"Mwite Brantley. Nikiwa nimekosea, Jumatatu nitasimama mbele ya klabu nzima niseme mimi ni mwongo."

"Nitakushikilia hapo hapo."

"Nishikilie."

Akanipitisha jikoni, akamwita. Brantley akaja, miguu mitupu, nywele mbichi. "Habari za jioni, mama." Nikatoa pakiti ya unga wa chapati za maji kwenye rafu ya Marla, nikampa aisome nyuma. Akaisogeza karibu, jicho la kushoto likajifumba lenyewe.

"Macho yote mawili, mwanangu."

Akalifumbua. "Vikombe viwili," akaanza. "Vikombe... viwili vya..." Maji ya nywele yalikuwa yakidondoka kwenye pakiti. Hakuendelea.

Marla akanyoosha mkono mbele yake. "Vidole vingapi?"

Brantley akatazama huku, akatazama huku.

"Mkono upi, mama?"

 Marla akachukua mkoba wake na viatu vya kijana, na hawakungoja avae.

Jumatano asubuhi Marla alinipigia kutoka hospitali, mjini Lubbock. Damu ilikuwa ikivuja polepole ndani ya fuvu. Watampasua mchana. "Daktari anasema pigo moja zaidi..." akasema. Akakata simu bila kuaga, wala sikumlaumu.

Pale posta Gaylon alinishikia mlango. "Haya, Lorna. Umepata ulichokitaka."

"Kijana anapasuliwa kichwa, Gaylon."

"Ndiyo. Namuombea." Na alikuwa kweli anamuombea. "Royce anarusha vizuri lakini, eti?"

Nilikwenda tena kwa Kocha Stegall, nikamweleza habari ya mtihani wa Agosti. Uso ukampauka. Akazitazama karatasi zilizokuwa juu ya meza, arobaini na ngapi sijui, kama mtu anayetazama hundi zisizo na kitu benki.

"Wote?"

"Waulize nani hakufanya."

"Jumatatu nitawapima upya, kila mmoja. Mapema siwezi, mpimaji anakuja na mashine zake kutoka mji mwingine."

"Na ukuta wa kushoto?"

"Yule wangu aliyevunjika bado ana plasta mguuni. Sina mwingine." Akasugua macho. "Lorna, Ijumaa nina kwotabeki mmoja. Ukisema Royce hachezi, nitamheshimu mama yake. Nitamwingiza yule wa darasa la tisa, wa kilo hamsini na tano. Sema."

Kazini, nikiona shamba lina dalili, huwa siandiki kitu mpaka nipasue shina. Sheria yangu ndiyo hiyo, na kwa miaka kumi na sita sijaivunja.

Usiku ule nilimuuliza Royce. "Na wewe Agosti? Ulifanyaje?"

"Mimi sijawahi kugongwa, Mama. Nigongwe na nini, na benchi?" Akacheka, akanibusu kichwani, akapanda juu akiruka ngazi mbilimbili.

Hilo halikuwa jibu. Nililijua si jibu. Nikachukua jezi yake isiyo na doa, nikaipiga pasi, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Asubuhi nikampigia kocha nikasema sawa.

Ijumaa nilipanda mnarani mapema. Uwanja ulijaa kabla ya wakati. Kwenye uzio walikuwa wametundika shuka kubwa lenye nambari saba, na Royce alipoingia walimpigia makofi kwa adabu, kama mgeni aliyekuja msibani. Nikavuta lenzi kwenye ukuta. Kushoto alisimama yule yule.

Robo ya kwanza Royce alirusha mpira yadi arobaini, ukatua mikononi mwa mwenzake kama umewekwa. Mtu akapiga kelele juu ya mnara. Ni mimi. Ukiisikiliza video utanisikia.

Robo ya pili, mchezo wa sita, walipita kushoto. Wawili. Royce hakuwaona. Aliinuliwa, akaangushwa chali, na kabla ya shangwe ya wapinzani nilisikia, au nilidhani nimesikia, helmeti ikigonga ardhi.

Akaamka mwenyewe. Akainua dole gumba. Kijana wa huduma ya kwanza akakimbia, akamuuliza maneno mawili, akampiga begani. Watu wakapiga makofi, safari hii si ya adabu. Walikuwa wamempenda.

Nikavuta picha mpaka uso wake ukajaa. Kocha akataja nambari. Royce akainua mkono wenye kikadi.

Kisha akainua uso, akautazama mnara. Anajua ninaposimama. Anajua ninachotafuta, kwa sababu habari ya jicho la Brantley nilimsimulia mwenyewe. Akafumbua macho yote mawili, wazi kabisa, kama mtu anayepigwa picha ya leseni ya udereva. Kikadi hakukitazama. Akawageukia wenzake, akawapa mbinu.

Mpira ukaanza. Wenzake wote wakaenda kushoto. Royce akageuka kulia, akautoa mpira mbele kwa mikono miwili, taratibu, akimpa mtu ambaye hakuwepo.

Uwanja ukacheka. Gaylon akapiga kelele, "Upande wa pili, mwanangu!" Mpira ukadondoka, Royce akaulalia, akainuka, akajipanga tena nyuma ya ukuta. Kocha alikuwa ameinamia karatasi zake.

"Mtoe!" nikapiga kelele. "Stegall, mtoe!" Bendi ilikuwa imeanza. Mtu wa chini akaniangalia akanipungia mkono, akidhani nashangilia.

Niliiacha kamera ikiendelea. Ngazi ya mnara ule ina vipandio ishirini na viwili, nimeipanda msimu mzima. Nilishuka nikiwa nimeupa uwanja mgongo, macho kwenye mbao, nikisikia sauti ya mwanangu ikihesabu kuanza mchezo. Ilikuwa sauti nzuri, ya kiume, haina wasiwasi.

Nilikuwa kwenye kipandio cha tisa bendi iliponyamaza, na watu wote nayo.