Kumbatiza Babu Mara ya Pili

Pasi ilikuwa ikitua mezani, du, kisha kimya, kisha du tena. Nje bado giza. Mjukuu wangu alikuwa sebuleni ananyoosha shati lake jeupe, na nilijua ametandika blanketi langu la zamani juu ya meza ili asiniamshe. Hakujua kwamba sikuwa nimelala hata kidogo. Nilikuwa nimejikunyata kitandani, naomba kusikuche. Kukicha angetaka jibu.

Mjukuu huyu ni fundi wa mafriji. Tangu azaliwe namwita mume wangu, kwa sababu amepewa jina la babu yake, na tangu aanze kusema hunijibu, "Mke wangu, chakula kiko wapi?" Mwaka jana alijiunga na Wamormoni. Wenyewe hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, jina refu kama treni ya mizigo. Akaacha chai, maana kwao ni mwiko. Sikumuuliza mengi, nikawa namchemshia maziwa.

Jana jioni alikaa chini karibu na miguu yangu, jambo ambalo hafanyi ila akiwa na neno. Akaniambia leo wanasafiri kwenda kwenye hekalu lao. Huko hubatiza watu waliokwisha kufa: mtu aliye hai huingia majini kwa niaba ya marehemu. Alitaka kuingia kwa niaba ya babu yake. Lakini utaratibu wao ni kwamba mjane aulizwe kwanza.

"Usipokubali, bibi, sifanyi," alisema.

Siku nyingine ningemtania. Lakini mchana wa jana hiyo hiyo alikuwa amenitembelea mzee wa kanisa letu. Alisubiri kijana atoke kwenda uani kunijazia mapipa ya maji, ndipo akasema kwa sauti ya chini, asimwaibishe. Mama, hao si Wakristo. Jina la Yesu wanalitaja, ndiyo, lakini wana vitabu vingine pembeni ya Biblia, na Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hawawaelewi kama tunavyowaelewa sisi. Ubatizo wao hatuuhesabu. Kijana akirudi kwetu atabatizwa upya, kama mtu ambaye hajawahi kuloa. Kisha akaona bawaba ya mlango wangu imelegea, akaomba bisibisi akaikaza. Ndivyo alivyo, siwezi kumchukia.

Basi usiku kucha maneno yake na ombi la mjukuu yaligongana kichwani mwangu. Kama hao si Wakristo, mume wangu anapelekwa wapi? Niliwaza siku ile ya mwisho, namtafuta katikati ya watu wa kanisa letu, naita, na mtu ananiambia, huyo alihamishwa. Nani aliruhusu? Mkewe.

Na kulikuwa na hofu nyingine, ya kipuuzi pengine. Mume wangu, seremala aliyebeba mbao zinazowashinda watu wawili, aliogopa maji. Utotoni alitumbukia kisimani. Ubatizo wetu ni wa kuzamishwa, kwa hiyo aliuahirisha miaka mingi, mara mgongo, mara kazi nyingi. Siku alipokubali nilisimama ukingoni mwa tangi la saruji nyuma ya kanisa, naye akanikazia macho mpaka maji yakamfunika. Alipoibuka, mkono wa mchungaji ulikuwa na alama za kucha zake. Mchungaji aliuficha mkono ndani ya joho, ili mume wangu asione haya. Sasa nimrudishe majini mtu yule?

Nikaamka. Nilipofika sebuleni mjukuu alishtuka, akaomba radhi kwa kelele. Nikamwambia pasi haina kosa. Nikawasha jiko, nikaweka maziwa.

"Babu yako alibatizwa," nilisema. "Nilikuwepo."

"Najua, bibi."

"Kwa nini tena?"

Alijibu kwa upole, kama anayemweleza mteja ubovu wa friji. Ubatizo wa babu ulikuwa wa nia njema, ila aliyembatiza hakuwa na mamlaka. Mamlaka yalikuwa yamepotea duniani, yakarudishwa katika kanisa lao.

"Kwa hiyo haukuhesabiwa," nikasema.

Akarudi kwenye shati, akaanza kunyoosha kola.

"Mzee wa kanisa naye kasema wako hauhesabiwi. Kasema ninyi si Wakristo."

Sikupanga kumwambia vile. Pasi ilibaki pale pale juu ya kola mpaka nikasikia harufu ya kuungua, nikainyanyua mimi. Uso wake ulikuwa wa yule mtoto aliyekuwa akiogopa kubaki peke yake chumbani.

"Wewe unasemaje, bibi? Mimi si Mkristo?"

Nilitamani kumpa neno tamu. Lakini alinijia na ukweli wake, haikufaa nimlipe kwa uongo. "Mambo ya Baba, Mwana na Roho siwezi kubishana na waliosoma," nilimwambia. "Najua tu jana nilikusikia ukimwomba Yesu, ukamtaja huyo mzee wa kanisa na goti lake linalomsumbua. Uliongea na mtu unayemjua. Zaidi ya hapo sijui, na kutokujua kunanitisha."

Akaketi. Akaniambia yeye pia analala vibaya. Humwota babu yake amesimama nje ya mlango, kavaa nguo za kazi, na yeye, mjukuu, ndiye mwenye ufunguo, na hafungui. Ndiyo maana ameomba. Akasema hata wakimbatiza, huko aliko babu ana hiari, anaweza kukataa.

"Atakataa," nikasema. "Akisikia tu neno maji."

Tukacheka kidogo, cheko la watu wenye homa. Kisha nikamwambia hapana. Nilimwona babu yake akizama mara moja kwa hofu yote ile, na sitasema kwa kinywa changu kwamba ubatizo ule haukuwa kitu. Nilipomaliza kusema hofu ikanirudia. Maana je, kama kijana ndiye mwenye haki? Je, mimi ndiye niliyemfungia mume wangu nje?

Mjukuu wangu hakubishana. Angeweza kwenda kumbatiza babu yake kimya kimya, nisingejua kamwe. Alikunywa maziwa yote, akasuuza kikombe, akavaa shati lenye kola iliyoungua, tayari kwa safari.

Kwa mara ya kwanza hakuniaga kwa kuniita mke wangu. Alinishika mkono tu, akafungua mlango. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilimwangalia mgongo akishuka ngazi, na hofu yote ya usiku ikawa moja: kwamba nimewapoteza wote wawili.

Nikamfuata hadi ngazini, miguu mitupu.

"Ukitoka huko uje," nikamwambia. "Swali la babu yako likirudi, njoo nalo. Lisiporudi, njoo hivyo hivyo. Utakuja?"